Maji magumu ya Boko, na yale niliyojifunza

Ukitoka Mwenge, Dar es Salaam, kwa barabara ya Bagamoyo, ukiikaribia Tegeta unaanza kuona kilima cha Wazo kilivyokatwa na machimbo. Saruji inatengenezwa pale tangu 1966, na kiwanda kiliwekwa mahali hapo kwa sababu ya mawe ya chokaa, ambayo asili yake ni matumbawe ya bahari ya kale. Mawe hayo hayaishii kwenye uzio wa kiwanda. Sisi tunaoishi Boko, Ununio, Mbweni na Bunju tumejenga juu ya ndugu zake. Fundi anayechimba shimo la choo huku hakubali bei ya mwisho kabla hajajua atakutana na jiwe akiwa kina gani. Na maji tunayovuta kutoka visima virefu yamekaa ndani ya jiwe hilo kwa muda mrefu, yakilimumunya kidogokidogo.

Mimi nilihamia huku nikitokea Arumeru, nyuma ya Usa River, ambako maji hutelemka kutoka mlima Meru. Kule ukipaka sabuni mkononi unasuuza mpaka unachoka, utelezi hauishi. Boko nikakuta kinyume chake. Unasugua mche wa sabuni kwenye kola ya shati mpaka unapungua nusu, povu hakuna, na juu ya beseni kinaelea kitu cheupe cha kunata kama maziwa yaliyokatika. Sare za shule za wanangu zikaanza kuwa na rangi ya majivu. Ndoo zikapata mstari mweupe usiotoka kwa brashi. Bomba la mvua bafuni likaziba matundu, moja baada ya jingine, mpaka maji yakawa yanaruka pembeni na kulowesha ukuta. Birika la umeme lilianza kunguruma kabla ya kuchemka, na ukichungulia ndani unakuta gamba gumu limeshika chini kote.

Jikoni ndiko nilikoteseka zaidi. Maharage yaliyoloweshwa usiku kucha yanachemka mpaka mkaa unaisha, na bado punje ni ngumu katikati. Chai ya rangi inakuwa na utando juu, na ukinywa kikombe kinabaki na duara la kahawia. Majirani walikuwa wameshazoea. Mama mmoja wa nyumba ya pili aliniambia, "Mwalimu, haya maji yanakataa sabuni. Wewe nunua tu ya unga."

Alikuwa sahihi, ingawa ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta, na ikikutana na kalsiamu au magnesiamu, madini yanayofanya maji yaitwe magumu, inashikana nayo kuwa ule uchafu mweupe usioyeyuka. Povu halitoki mpaka madini hayo yote yaliyomo kwenye beseni yameshakamatwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mche unaonunua inatumika kupigana na maji, inayobaki ndiyo inayofua nguo. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa namna nyingine, haishikani na madini hayo kwa urahisi. Maharage nayo yana sababu yake: kalsiamu hukaza kuta za punje, zikawa hazilainiki. Na gamba la kwenye birika ni chokaa ileile ya Wazo. Mvua inapopita kwenye udongo hubeba hewa ya kaboni dioksaidi na kuwa tindikali hafifu, tindikali hiyo ikalimumunya jiwe. Ukiyachemsha maji, hewa ile inatoka, na jiwe linarudi kuwa jiwe, safari hii chini ya birika lako.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu mtaani kwetu kila mtu alikuwa na maelezo yake juu ya lile gamba, na karibu yote yalikuwa ya kutisha. Kwamba ndilo linaloganda tumboni. Kwamba ndilo linaloleta mawe kwenye figo. Kwamba wanawake wa Boko nywele zinakatika kwa sababu yake. Mtu akiugua, wa kwanza kulaumiwa ni maji ya kisima kirefu. Watu walioweza walinunua maji ya chupa kubwa. Wasioweza walikwenda kuchota kwenye kisima kifupi cha Bibi mmoja hapo chini, ambacho maji yake yalikuwa baridi, matamu, na yanatoa povu vizuri. Nami nilichota huko pia, kwa chai na maharage.

Lakini kitu kimoja kilinifanya nisite kuamini ulimi na sabuni kama mahakimu wa maji. Ndugu zangu wa Arumeru, wengi wetu tuliokulia sehemu za Maji ya Chai na Ngurdoto, tuna meno ya kahawia. Si uvivu wa mswaki. Ni floraidi iliyomo kwenye maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano, kiasi kinachozidi mbali sana miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Tanzania ilivumilia hadi miligramu 4 kwa miaka mingi kwa sababu ya mikoa kama yetu, kabla ya kushuka na kufuata 1.5. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi kwa miaka mingi hakiishii kwenye meno, kinakwenda kwenye mifupa, miguu ya watoto inapinda. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na maji hayo yenye floraidi ni laini! Yanatoa povu la kupendeza, hayaachi gamba, ukiyatazama kwenye glasi ni safi kabisa. Floraidi hupenda kubaki kwenye maji yenye kalsiamu chache, kwa sababu kalsiamu ikiwa nyingi huikamata na kuiangusha. Ulaini ule uliotufurahisha tukifua mtoni ulitembea pamoja na kile kilichotuharibu meno.

Kwa hiyo nilipohamia Boko na kusikia hofu ya gamba, nilitaka kujua kwanza kuna nini.

Kabla hatujafika huko akaja muuzaji. Alialikwa kwenye kikao cha kikoba chetu, kijana nadhifu, mwenye maneno mazuri, na mashine ya kusafisha maji yenye bei ya kulipwa kwa awamu. Alikuja na glasi mbili. Moja aliijaza maji ya kisima chetu, ya pili maji yaliyopita kwenye mashine yake. Akatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma katika glasi zote, akakichomeka kwenye umeme. Haikupita muda, glasi ya kwetu ikageuka rangi ya kutu, kisha ikawa na mapovu machafu ya kijani na kahawia. Ya kwake ikabaki kama ilivyokuwa. Ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alianza kulia. Kijana akasema, huo ndio uchafu mnaokunywa kila siku.

Aliyetuokoa ni kijana wa jirani ambaye ni fundi umeme. Alisimama kwa adabu, akasema, "Kaka, samahani, naomba tutie chumvi kidogo kwenye hayo ya kwako, halafu uwashe tena." Muuzaji alisitasita, lakini akina mama walishikilia. Ikatiwa chumvi ya jikoni, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Maji ya mashine yakageuka kahawia kuliko hata ya kwetu. Fundi akatueleza: rangi ile inatoka kwenye vijiti. Umeme unapita kwenye maji yenye madini, chuma kinaliwa, na kutu ndiyo tunayoiona. Maji yasiyo na madini yoyote hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo vijiti haviliwi. Kile kifaa hakikuonyesha uchafu, kilionyesha kwamba maji yana chumvichumvi, jambo ambalo kila mmoja wetu alikwishalijua kwa ulimi wake.

Ninakiandika kisa hiki kwa uzito kwa sababu onyesho hilohilo linafanywa katika vitongoji vingi, na wanaolengwa ni akina mama wenye watoto wadogo. Mashine za aina ile zinafanya kazi kweli, zinasukuma maji kupitia utando mwembamba sana unaozuia chumvi na madini. Kama una uwezo, na maji yako yana chumvi ya kukera, inaweza kukufaa. Ila inamwaga maji mengi kwa kila lita inayotoa, vichujio vyake vinabadilishwa kwa gharama, na mtu asiuziwe kwa kutishwa.

Baada ya siku ile kamati yetu ya maji, ambayo mimi ni katibu wake, iliamua kupeleka maji maabara ya serikali. Tulichanga. Tukaamua tupeleke ya visima vyote viwili, kile kirefu cha pamoja na kile cha Bibi, ili tulinganishe. Hapo nikajifunza kwamba kuchukua sampuli ni kazi yenyewe. Kwa vipimo vya madini inatosha chupa safi ya plastiki ya lita moja, unaisuuza mara kadhaa kwa maji hayohayo kisha unaijaza mpaka juu. Kwa vipimo vya vimelea ni habari nyingine: chupa lazima itoke maabara, imeshachemshwa na kufungwa; huisuuzi, hugusi mdomo wake wala kifuniko kwa ndani. Koki unaifuta kwa spiriti au unaipitishia moto, unaacha maji yatiririke dakika chache, ndipo unakinga. Chupa inawekwa kwenye boksi la barafu na kupelekwa siku hiyohiyo, vimelea visije vikaongezeka au kufa njiani. Na ukitaka kujua hali ya kisima, chukua kisimani, si kwenye simtanki la juu ya mnara, maana tanki lina mambo yake. Tuliona mijusi.

Cha kuomba kipimwe nacho ni muhimu, kwa sababu maabara inapima ulichoomba na kulipia. Tuliomba ugumu, kloraidi, floraidi, naitreti inayotokana na uchafu wa vyoo, na vimelea vya kinyesi, yaani E. koli.

Majibu ya kisima kirefu yalithibitisha tulichokuwa tunakiona kwenye mabirika. Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za chokaa kwa lita: hadi 60 huitwa laini, 61 hadi 120 ugumu wa kadiri, 121 hadi 180 magumu, na zaidi ya 180 magumu sana. Ya kwetu yaliivuka 180 kwa mbali. Kloraidi nayo, ambayo ndiyo chumvi yenyewe ya kuonja, ilikuwa imesogea karibu na miligramu 250 kwa lita, kiwango ambacho watu wengi huanza kuisikia mdomoni. Floraidi ilikuwa kidogo, nikashusha pumzi. Naitreti kidogo. E. koli hakuna.

Yule mtaalamu wa maabara, dada mmoja mpole aliyekuwa na haraka lakini akatupa muda wake, alituambia wazi kwamba Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, kwa sababu haujathibitika kudhuru mwili. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Nilimuuliza kuhusu mawe ya figo kwa sababu nilijua nitaulizwa nikirudi. Akanijibu kwamba kwa joto la Dar es Salaam, anayejinyima maji ana hatari zaidi kuliko anayekunywa magumu ya kutosha. Ugumu unaharibu hita, nguo na mkaa. Ni hasara ya mfukoni, na kwa familia ya kipato kidogo hasara hiyo si ndogo.

Karatasi ya pili, ya kisima cha Bibi, ndiyo iliyotufanya tukae kimya garini.

Ugumu mdogo. Chumvi kidogo. Na E. koli wengi, wakati maji ya kunywa hayapaswi kuwa nao hata mmoja katika mililita 100. Naitreti imepita miligramu 50 kwa lita, ambacho ndicho kikomo chake. Maji matamu, baridi, yenye povu, tuliyoyatumia kwa chai na wengine kwa maziwa ya watoto, ndiyo yaliyokuwa na kinyesi ndani yake.

Ukishajua ardhi ilivyo unaelewa. Kisima cha Bibi hakifiki kwenye jiwe. Kinavuta maji ya mvua yaliyokaa kwenye mchanga wa juu, ndiyo maana hayana chokaa. Lakini mchanga huohuo ndimo yanamoshukia maji ya vyoo vyetu. Sehemu hii haina mtandao wa majitaka. Kila nyumba ina karo lake, na wakati wa masika maji ya ardhini hupanda mpaka karibu na uso, karo na kisima vikawa bwawa moja lisiloonekana. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima ambao watu wa afya huupendekeza, kwenye viwanja vya 20 kwa 20 unaupimia wapi? Tena hata kisima kirefu hakina kinga ya moja kwa moja. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango, na uchafu ukipata njia ya kuingia unasafiri haraka bila kuchujwa. Kilichotusaidia ni kwamba mchimbaji alikuwa ameziba vizuri kwa saruji sehemu ya juu, kuzunguka bomba.

Naitreti inahitaji neno la ziada, kwa sababu akina mama huku huamini kuchemsha kunatibu kila kitu. Kuchemsha kunaua vimelea, na ninamhimiza kila mtu achemshe. Ila naitreti haiondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, inakuwa kali zaidi. Mtu mzima haimsumbui sana, lakini mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, damu yake inaweza kushindwa kubeba hewa, akawa wa bluu midomoni. Chumvi ni vilevile, haitoki kwa kuchemsha. Kinachopungua kwa moto ni sehemu ya ugumu tu, ile inayoganda kwenye birika.

Ilibidi mtu aende kwa Bibi, wakanituma mimi na mjumbe. Nilimwamkia, tukakaa ukumbini, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, watoto wangu wote wamekua kwa maji haya." Na ni kweli. Kisima kile kilichimbwa wakati huku kote ni minazi na mikorosho, nyumba zikihesabika. Nikamjibu, "Bibi, maji hayakuharibikia kwako. Tumekuja kuyaharibu sisi." Aliniangalia, akauliza karo letu liko upande gani. Nikamwonyesha.

Sikutaka kisima chake kifungwe kwa nguvu, na bado naona kamati ilifanya vyema kukataa pendekezo hilo. Watu wanaochota pale ni wale wasio na pesa ya kulipia uniti za kisima cha pamoja. Ukikifunga bila kuwapa mbadala, watakwenda kwenye kidimbwi kingine. Tulikubaliana kisima kibaki kwa kufulia, kudeki na kumwagilia, ubao uandikwe, na kila mteja wa Bibi apewe ndoo za kunywa kutoka kisima kirefu kwa bei ya chini. Tunaokumbuka kipindupindu cha Agosti 2015, kilichoanzia wilaya hii hii ya Kinondoni, hatukuhitaji kusukumwa.

Watu huniuliza, mbona msisubiri tu maji ya Dawasa? Mabomba makubwa kutoka mtambo wa Ruvu Chini yanapita barabara hii ya Bagamoyo kuelekea matangi ya Chuo Kikuu, na sehemu ya mtaa wetu imeunganishwa. Mtambo ule ulipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na maji ya mto Ruvu ni laini kuliko ya kisima kirefu chochote cha huku. Nikiyapata natumia kwa furaha. Lakini mto nao una siku zake. Oktoba 2022 Ruvu ulipungua mpaka jiji likawekwa kwenye mgao, na waliokuwa wamefukia visima vyao walirudi kununua maji ya boza. Na mgao una madhara ambayo hayaonekani: bomba likikaa tupu, linavuta uchafu kupitia kila ufa ulioko njiani. Maji ya kwanza baada ya kukatika ninayaacha yapite, nayakinga ya kudekia. Wanaolalamika kwamba maji ya bomba yananuka dawa, mimi harufu hiyo kidogo ikiwepo nafurahi. Klorini iliyobaki ndiyo mlinzi wa maji safarini. Siku isiyonuka kabisa ndiyo siku ninayochemsha bila kujadili.

Kuna pia lile la maji kutoka meupe kama maziwa. Jirani yangu aliyamwaga mapipa mazima akidhani ni chokaa. Kinga glasi moja uiweke mezani. Ikianza kung'aa kutokea chini kwenda juu, ni hewa iliyobanwa kwenye bomba, hayana neno. Weupe ukizama chini, hayo ni mengine.

Kuishi na ugumu wenyewe kumekuwa kazi ya mazoea. Birika natia siki na maji kiasi sawa, nachemsha, naacha usiku. Asubuhi gamba limeachia. Ndimu inafanya kazi hiyohiyo. Kichwa cha bomba la mvua nakifunga mfuko wenye siki. Kitu kimoja nakisisitiza kwa wasichana wa kazi kila mara: siki au ndimu haikutani na dawa ya klorini ya kufulia, kamwe, hata kwenye ndoo moja kwa bahati mbaya, kwa sababu inatoka hewa ya sumu inayounguza mapafu. Hita zetu tunazifungua kila mwaka, kwa maana gamba likinenepa, koili inaungua na umeme unaliwa bure.

Mvua ni neema kubwa tunayoiacha ikimbilie baharini. Paa la mita 100 za mraba, ikinyesha milimita 10 tu, linashusha karibu lita 1,000 za maji laini kuliko yote. Mvua ya kwanza ya msimu tunaiacha ioshe paa, vumbi la saruji na kinyesi cha ndege vikatoke, kisha tunakinga. Hayo ni ya sare za shule, chai na maharage. Ya kunywa tunayachemsha.

Na magadi? Bibi zetu walijua walichofanya kutia magadi kwenye maharage. Magadi hukamata kalsiamu na kuiangusha, na punje zinalainika. Hata kwenye beseni la kufulia, ukikoroga magadi kidogo utaona wingu jeupe linazama. Ukimimina maji ya juu, povu linatoka. Kwa kufulia nayatumia bila hofu. Kwa chakula nimepunguza sana. Yanapoteza vitamini, na magadi ya Ziwa Natron yana floraidi yake. Mimi na meno yangu haya, floraidi sitaki kuirudisha mezani kwa mlango wa nyuma.

Linaloninyima usingizi sasa ni chumvi. Ugumu wa kisima chetu haubadiliki sana mwaka mzima, lakini kloraidi inapanda kila kiangazi na kushuka masika yakikolea. Tumenunua kikalamu cha kupima upitishaji wa umeme, ambacho wauzaji nao hukitumia kutisha watu, nasi tunakitumia kwa kazi yake halali: kila mwezi, kisima kilekile, saa ileile, namba inaandikwa daftarini. Hakioni vimelea wala hakitofautishi chokaa na chumvi. Ila namba ikipanda mwezi baada ya mwezi, bahari inasogea.

Maji baridi ya pwani yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya ardhi, kwa kuwa ni mepesi. Kanuni ya wataalamu inasema kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari imeshikilia mita zipatazo 40 chini yake. Ukivuta mpaka ukashusha mita hiyo 1, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40. Kwa hiyo anayechimba zaidi akidhani atakwepa chumvi, huku kwetu anaifuata ilipo. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali cha bodi ya bonde, na kwetu ni Bonde la Wami/Ruvu, lakini mitambo ya kuchimba huja usiku na kuondoka asubuhi, na kila kisima kipya kinavuta kutoka tabaka lilelile.

Kamati imepunguza saa za pampu, tunavuta kidogokidogo usiku na alfajiri badala ya mfululizo mchana kutwa, na namba za kiangazi kilichopita zilikuwa nafuu kidogo. Jirani wa upande wa baharini, ambaye alikwishamlipa mchimbaji malipo ya awali, tulikaa naye na daftari hilo. Aliuliza maswali magumu, hasa kuhusu nani anashika pesa. Mwishoni alikubali kuvuta bomba kutoka kisima cha pamoja. Mtaro tumeuchimba mpaka kwenye uzio wake. Mita iko dukani, na bei ya uniti tunaijadili Jumapili.